Kiuno cha mkulima wa mwani: uchambuzi wa kisa cha bibi wa miaka 67

Kisa ninachokichambua hapa ni cha bibi wa miaka 67 kutoka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, aliyefika katika kitengo chetu cha mazoezi ya viungo akilalamikia kiuno ambacho, kwa maneno yake, kilikuwa "kinamkata" kwa muda wa miaka miwili. Ameridhia kisa chake kiandikwe, nami nimeondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha. Hakuna cha ajabu ndani yake. Kila wiki huingia mlangoni kwetu kina mama wa umri wake wenye malalamiko hayo hayo, na karibu wote wameshaambiwa kwamba ni uzee na kwamba wapumzike. Nimekichagua kwa sababu mwanzo wake niliukosea mimi mwenyewe, na namna kosa lile lilivyosahihishwa imebadilisha jinsi ninavyowapangia mazoezi wanawake wazee.

Alikuja akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, kanga imekazwa kiunoni juu ya gauni, na kabla hajakaa alikitazama kiti kwanza, akakipima urefu kwa macho, kisha akashuka taratibu huku mikono yote miwili imeng'ang'ania kingo zake. Kitendo hicho nimejifunza kukizingatia kabla hata sijaomba picha ya eksirei, kwa kuwa mtu anayekipima kiti kwa macho ni mtu asiyeyaamini tena mapaja yake.

Historia yake ya kazi ndiyo historia ya mwani wenyewe. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na yeye aliingia mwaka uliofuata, akiwa na watoto wadogo na mume mvuvi. Kazi hiyo hufanywa maji yakikupwa mbali, hasa siku za bamvu, yaani za maji makubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo mkulima hukaa shambani saa tatu au nne akiwa ameinama, maji yakimfika magotini, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizofungwa baina ya vigingi, akipalilia, akivuna, kisha akiubeba mwani mbichi katika mapolo, yaani magunia, hadi ufukweni kabla maji hayajajaa. Ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Amezaa mara saba, na hedhi ilimkoma akiwa na miaka 48 hivi.

Miaka miwili kabla ya kuja kwetu, kiuno kilimshika ghafla akiinua polo. Alipoenda kutazamwa aliambiwa kwamba pingili za mgongo zimechakaa kwa sababu ya umri, akapewa vidonge na shauri la kupumzika. Alilitii shauri hilo kwa bidii ya mtu mwadilifu: aliacha kufagia uwanja, akaacha kuteka maji, akaacha kwenda kwa miguu kwenye shughuli za harusi na misiba, na mchana aliushinda kwenye kitanda cha kamba. Kitu kimoja tu hakukiacha, nacho ni mwani, maana ndio unaomtia shilingi mkononi, na pensheni jamii ya Zanzibar iliyoanza kulipwa mwaka 2016 ni ya wale waliofikisha miaka 70. Niliyaandika maneno hayo kwenye faili lake siku ya kwanza, lakini maana yake sikuiona mpaka wiki ya tano.

Nilipomuuliza anataka nini kutokana na matibabu, hakuyataja maumivu. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akisali juu ya kiti cha plastiki, jambo ambalo sharia inamruhusu na ambalo hata hivyo lilikuwa likimuumiza moyo. "Nataka nisujudu chini, mwanangu, kabla sijaenda," alisema. Nimeona waganga wenzangu wakiliandika lengo la namna hii pembeni ya ukurasa kama jambo la kihisia, ilhali kusujudu na kuinuka ni mwendo mkubwa wa mwili unaodai kifundo cha mguu, goti, nyonga, mgongo na bega vyote vifanye kazi kwa zamu na kwa utulivu. Ukitaka kipimo kamili cha uwezo wa mwanamke mzee kutembeza viungo vyake, ni vigumu kukipata kilicho bora zaidi.

Kabla ya kufikiria zoezi lolote, kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mgongo huo hauna kitu kinachohitaji daktari kuliko mazoezi. Nilimuuliza kuhusu homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi cha muda mrefu na ugonjwa wa kifua kikuu katika nyumba, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, bado kipo katika nchi zetu na huanza kwa maumivu ya mgongo yasiyo na kishindo. Nilimuuliza kuhusu maziwa mabichi, kwa ajili ya brusela, ugonjwa unaoambukizwa na mifugo. Nilimuuliza kuhusu saratani yoyote aliyowahi kutibiwa, kuhusu maumivu yanayomwamsha usiku bila kujali amelalaje, na kuhusu ganzi ya mapajani kwa ndani na sehemu za siri. Yote aliyakana. Kuhusu mkojo alijibu haraka kwamba hana tatizo, huku macho yake yakienda kwa mjukuu aliyekuwa amesimama pembeni, nami nilipaswa kuyafuata macho yale.

Mishipa ya fahamu ilikuwa salama: nguvu za kidole gumba cha mguu zilikuwa sawa pande zote, hisia za ngozi zilikuwepo, na kuinua mguu ulionyooka akiwa amelala chali hakukuleta maumivu ya kushuka hadi chini ya goti. Maumivu yalikaa kiunoni na kwenye kalio la kulia, yakizidi anapoinama kwa muda mrefu na anapoinuka. Kilichonishtua kilikuwa shinikizo la damu, 168 kwa 94, pamoja na pakiti ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, aliyoitoa kwenye pochi. Alikuwa akiinunua duka la dawa na kuimeza karibu kila siku kwa miezi kadhaa, juu ya dawa zake za presha. Dawa za jamii hiyo hupandisha shinikizo la damu, huchubua tumbo na huielemea figo, na kwa mwanamke wa umri wake mambo matatu hayo ni mengi kwa pamoja. Nilimrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Daktari aliisimamisha diklofenaki na kurekebisha dawa za presha, na mazoezi yakaanza juma lililofuata presha ilipotulia.

Picha ya eksirei aliyokuja nayo ilionyesha nafasi baina ya pingili zimepungua na vinundu vya mfupa vimeota kingoni. Hakukuwa na pingili iliyobonyea. Alikuwa ameibeba picha hiyo kwa miaka miwili kama hati ya hukumu, kwa hiyo nilitumia muda mrefu kumweleza kwamba mabadiliko ya namna hiyo hukutwa hata kwa watu wasioumwa chochote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 na Waleed Brinjikji na wenzake yalikadiria kwamba miongoni mwa watu wasio na maumivu ya mgongo, dalili za kuchakaa kwa diski, yaani tabaka laini zilizo baina ya pingili, huonekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Nilimwambia kwa lugha nyepesi kwamba mvi nazo huonekana, na hakuna anayeumwa mvi. Alicheka, lakini sidhani kama siku ile aliniamini.

Vipimo vya mwendo vilieleza zaidi. Kipimo cha kunyanyuka kitini kwa sekunde 30 hudai mtu anyanyuke huku amekunja mikono kifuani. Yeye hakuweza hata mara moja, na kwa kanuni ya kipimo alama yake ilikuwa sifuri. Kwa kusaidiwa na mikono alinyanyuka mara sita. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya mara 11 huhesabiwa kuwa ni dalili ya hatari ya kuanguka. Kunyanyuka, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa kulimchukua sekunde 17, ilhali sekunde 12 na kuendelea tayari ni onyo. Alisimama kwa mguu wa kulia sekunde 3 na wa kushoto sekunde 2. Nilipomsimamisha visigino vikigusa ukuta, kisogo chake kilibaki mbali na ukuta kwa vidole vitatu, ishara kwamba mgongo wa juu umeanza kupinda kuelekea mbele.

Hukumu yangu ilikuwa kwamba maumivu yake ni ya kiuno yasiyo na chanzo kimoja cha kuonyeshwa kwa kidole, kwa mwanamke ambaye mapaja na makalio yamedhoofika mno na ambaye mifupa yake, kwa umri, kukoma hedhi na kuanza kupinda, inabidi ichukuliwe kuwa ni dhaifu hata kama kipimo cha uzito wa mifupa hakikufanyika. Sehemu ya mwisho ya hukumu hiyo ina uzito katika kuchagua mazoezi. Mwaka 1984 Mehrsheed Sinaki na Beth Mikkelsen walichapisha matokeo ya wanawake 59 wenye mifupa dhaifu ya mgongo baada ya kukoma hedhi: waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma walipata mivunjiko mipya ya pingili kwa asilimia 16, na waliofanya mazoezi ya kuukunja mbele kwa asilimia 89. Kundi hilo la pili lilikuwa na wanawake tisa tu, kwa hiyo siichukulii asilimia yenyewe kama msahafu, lakini mwelekeo wake unatosha kunizuia nisimpe bibi wa namna hii zoezi la kulala chali na kuinua kifua kuelekea magotini, wala la kushika vidole vya miguu huku mgongo umeviringika. Nasikitika kwamba mazoezi hayo mawili ndiyo yanayosambazwa zaidi kwenye simu za watu kama "dawa ya mgongo".

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilimpa karatasi ya mazoezi manane yenye picha. Mazoezi yenyewe yalikuwa sahihi, hilo sina shaka nalo. Baada ya wiki mbili alirudi na karatasi ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya pochi, safi kama nilivyompa. Nilipomuuliza ameyafanya mara ngapi, alisema "mara mbili tatu hivi," na sauti yake ilinitosha. Mazoezi sita kati ya manane yalifanywa chini sakafuni, na mimi nilikuwa nimempa mtu asiyeweza kuinuka kutoka chini mazoezi ambayo lazima kwanza ashuke chini. Zaidi ya hayo, nyumba yake ina ua mmoja unaopitwa na wakwe, wajukuu na majirani, na picha za karatasi ile zilimwonyesha mwanamke mwembamba aliyevaa suruali ya kubana akiwa amelala juu ya godoro jembamba la mazoezi. Alitarajiwa kulala vile mbele ya mkwewe? Hakunilaumu, wala yeye si mtu wa kulaumu. Alisema tu kwamba siku zilikuwa na shughuli nyingi.

Tukaanza upya, na safari hii kwa mambo matatu tu, yote ya kusimama au kukaa. La kwanza lilikuwa kunyanyuka kitini. Kiti kiliwekwa mgongo wake ukiegemea ukuta ili kisiteleze, juu yake ukawekwa mto mgumu ili kiwe kirefu, na yeye alitakiwa kunyanyuka mara tano, apumzike, kisha mara tano tena, asubuhi na alasiri, mikono ikiwa mapajani badala ya kwenye kingo za kiti. La pili lilikuwa kusimama na mgongo ukutani, kidevu kikivutwa ndani na viwiko vikisukumwa nyuma, kwa pumzi tano. La tatu ndilo lililonifundisha.

Nilitaka ajifunze kuinama kwa nyonga badala ya kiuno, yaani makalio yarudi nyuma, magoti yalegee kidogo, na mgongo ubaki ubao mmoja. Nilieleza kwa maneno, nikaonyesha, nikamshika nyonga, na kila mara aliviringisha mgongo kama afanyavyo shambani. Mwishowe nilichukua mpini wa ufagio, nikauweka mgongoni pake uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa chini ya kiuno, nikamwambia: "Bibi, fanya kama unarukuu." Alirudi nyuma na nyonga papo hapo, mgongo ukalala sawasawa, mpini ukabaki unagusa chini na katikati bila kucheza. Juu ulibaki na nafasi kidogo kwa sababu ya ule mpindo, na hilo nililiacha. Tangu utotoni alifundishwa kwamba katika rukuu mgongo hunyooka, na mwili wake ulikuwa umelihifadhi fundisho hilo hata baada ya mwaka mmoja na nusu wa kusali kitini.

Nikafurahi kupita kiasi, nikamwambia basi sala zake tano zitakuwa ndiyo mazoezi yake. Alinitazama. "Sala si mazoezi, mwanangu. Sala ni sala." Alikuwa na haki. Nililiondoa wazo hilo, tukakubaliana kwamba tutaufanyia mazoezi mkao huo nje ya sala, mara nane kila baada ya kunyanyuka kitini, akiwa ameshika mwenyewe mpini wa ufagio wa nyumbani kwake. Huo hauko mbali, unasimama nyuma ya mlango wa jiko.

Pamoja na hayo alitakiwa kutembea. Alianza na dakika sita, mwendo wa kwenda dukani na kurudi, tukiongeza dakika mbili kila wiki. Kwa usawa wa mwili alisimama akishika nondo za dirisha, mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole, na mkono ukalegezwa taratibu hadi ukabaki unagusa nondo kwa kidole kimoja. Mtindo huu wa kuchanganya nguvu za miguu na usawa wa mwili, ukifanywa nyumbani na kuongezwa hatua kwa hatua, umetokana kwa sehemu kubwa na mpango wa mazoezi wa Otago uliotengenezwa New Zealand miaka ya 1990, ambao katika majaribio yake ulipunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban theluthi moja. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya namna hii siku tatu au zaidi kwa wiki.

Wiki nne zilikwenda vizuri. Wiki ya tano alikuja na maumivu ya nane katika kumi, ameshikwa tena mkono, na mjukuu akaniambia kwa ukali wa adabu kwamba mazoezi yamemuumiza bibi yake. Nilikuwa karibu kukubali na kuyapunguza. Badala yake nilimwomba aniambie siku kwa siku alifanya nini, na kwa kuwa hafuati kalenda ya ukutani alihesabu kwa mwezi wa mbinguni: mwezi mpevu, siku ya pili yake, ya tatu. Zilikuwa siku za bamvu. Alikuwa amekwenda shambani siku tatu mfululizo, na siku ya tatu, kwa kuwa alijihisi ana nafuu, alibeba mapolo mawili zaidi ya kawaida yake.

Tulirudi nyuma kwenye faili. Kila ziara aliyokuja akiwa na hali mbaya iliangukia siku chache baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na kila ziara ya nafuu iliangukia maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi mbali. Miaka miwili mwili wake ulikuwa ukiishi katika mdundo huo: siku kumi za kulala kwa sababu ameambiwa apumzike, kisha siku nne au tano za kazi nzito kuliko zote azijuazo, kisha kitanda tena. Misuli iliyolala siku kumi ilidaiwa ghafla ibebe polo la mwani mbichi unaochuruzika maji. Hakuna mgongo wa miaka 67 unaovumilia hivyo, na sidhani kama wangu wa miaka 38 ungevumilia. Mapumziko, yale yale aliyopewa kama tiba, ndiyo yaliyokuwa yakiifanya kila bamvu iwe ngumu kuliko iliyotangulia.

Kuanzia hapo ratiba yake iliandikwa kwa maji. Katika siku za maji mafu alifanya mazoezi yote, na ndizo siku za kuongeza mzigo: mto uliondolewa kitini, kisha akashika chupa ya maji ya lita moja na nusu kifuani anaponyanyuka, kisha chupa mbili. Katika siku za bamvu alifanya duru moja tu asubuhi, kama kuutia mwili moto kabla ya kwenda pwani. Shambani aliinama kwa rukuu aliyojifunza, na kila alipomaliza kamba moja alisimama, akaweka mikono kiunoni na kujinyoosha kwa nyuma mara tatu. Mapolo alijaza nusu, akaenda safari nyingi zaidi. Kuhusu kufunga mbegu za mwani, baadhi ya kamba alizileta nchi kavu na kuzifungia juu ya baraza. Nilipomshauri pia kazi ya mbuzi ya kukunia nazi aiache kwa mkwewe, alikataa kabisa kwa hoja kwamba tui la mkwe wake ni jepesi. Tukaafikiana akune nazi moja, asimame kidogo, ndipo aendelee na ya pili.

Jambo la kanga iliyokazwa kiunoni lilihitaji subira. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida, pamoja na kutoshauri dawa za jamii ya afyuni na mashine za kuvuta uti wa mgongo, huku ukiyapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Lakini kanga ile ilimpa utulivu, na kumvua kitu kinachompa mtu utulivu kabla hujampa kingine ni haraka isiyo na faida. Nilimwomba tu aifungue wakati wa mazoezi. Kufikia wiki ya nane alikuwa akija bila ya kuifunga. Kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu, alikokufanya na jirani yake kila Alhamisi, sikukugusa, kwa kuwa hakukumdhuru na kulimpa saa nzima ya mazungumzo.

Wiki ya sita alikuja peke yake, na nilipofunga mlango nilimuuliza tena kuhusu mkojo. Safari hii alieleza. Tangu uzazi wa tano, mkojo humtoka kidogo anapokohoa, anapocheka na anapoinua kitu, na ndiyo maana hunywa maji kidogo siku za kutoka na ndiyo maana aliogopa kutembea mbali. Halikuwa jambo jipya wala halikuambatana na ganzi, kwa hiyo halikuwa dalili ya mishipa kubanwa, lakini lilikuwa sehemu ya ugonjwa wake ambayo kwa wiki tano sikuijua. Nilimfundisha kuikaza misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo, kabla tu ya kunyanyuka na kabla ya kukohoa, mara kumi asubuhi na kumi jioni. Ningeuliza vizuri siku ya kwanza, mjukuu akiwa nje, tungeokoa muda huo.

Kushuka sakafuni tulikuendea kwa ngazi. Kwanza kitanda, kisha kiti bila mto, kisha kibao kifupi, na wiki ya tisa tukafika kwenye mkeka. Alishika kiti kwa mikono miwili, akapeleka mguu wa kushoto nyuma, akaliteremsha goti juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kisha goti la pili, kisha mikono chini. Akiwa katika mkao huo wa mikono na magoti alijifunza kuinua mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila ya kiuno kuzama. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka hata bangili zikalia. Kuinuka kulikuwa kinyume cha kushuka, na ilibidi nimwambie mara nyingi asianze na kichwa. Aanze na mguu kukanyaga imara, kisha ausukume.

Wiki ya kumi na moja hakuniambia chochote mpaka alipokuwa anavaa viatu. Kwenye paji la uso palikuwa na alama nyepesi ya mistari ya msala wa ukili. Alisema Alfajiri aliisali chini, rakaa zote mbili, na kwamba alikishika kitanda kuinuka katika ya kwanza tu.

Mwishoni mwa wiki ya kumi na mbili alinyanyuka kitini mara 10 kwa sekunde 30 bila mikono, mwezi wa sita mara 12. Kunyanyuka na kutembea mita 3 kwenda na kurudi kulishuka kutoka sekunde 17 hadi 13, kisha 11. Maumivu ya kawaida aliyoyapa saba sasa anayapa matatu, na siku za bamvu manne au matano. Shinikizo la damu lilikuwa 142 kwa 84 ziara ya mwisho, jambo ambalo nalihesabu zaidi kwa kuachwa kwa diklofenaki na marekebisho ya dawa kuliko kwa kazi yangu. Mguu wa kushoto haujanifurahisha: anausimamia sekunde sita tu, na kwa hiyo zoezi la dirishani linaendelea. Kisogo bado hakigusi ukuta, na sitarajii kiguse. Tumemwomba daktari amwandikie kipimo cha uzito wa mifupa, kwa kuwa mazoezi peke yake hayatoshi kujibu swali la mifupa.

Mwani hajauacha, na ana miaka mitatu kabla ya kufikisha 70. Ziara ya mwisho iliangukia siku ya bamvu, naye alipitia kwetu akitoka pwani, kanga ikiwa imekazwa kiunoni kama siku ile ya kwanza. Nilimuuliza kama kiuno kimeanza tena. Akasema kiuno hakimo, kanga ameifunga ili gauni lisilowe.